Bomba Lililoinama Nyuzi 45: Mchomeleaji wa Mabomba Anavyopikwa

Kila mtaa wa Dar es Salaam una fundi wake wa kuchomelea. Anatengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma, na bajaji iliyopasuka fremu hupelekwa kwake. Vijana wengi wa kazi hii wameanzia hapo, wakishika skwea paipu huku fundi mkuu akichomelea. Baada ya miaka michache mkono umekuwa mwepesi, mshono unatoka umenyooka, wateja wanarudi. Kisha kijana anakwenda kuomba kazi kwenye mradi wa bomba la mafuta au gesi, anapewa jaribio, na jioni anarudi nyumbani amefeli. Wengi huondoka wakiamini wameonewa. Nalichambua hapa jaribio lenyewe, kwa sababu ndani yake mna maelezo ya jinsi mchomeleaji wa kiwango hicho anavyofundishwa, na mahali ambapo mafunzo yetu hukatikia njiani.

Jaribio linaitwa 6G. Mara nyingi hutumika vipande viwili vya bomba la inchi 6 lenye ukuta wa karibu milimita 11. Ukingo wa kila kipande hukatwa mshazari, nyuzi 30 au zaidi kidogo, ili vikikutanishwa vifanye bonde la umbo la V. Chini ya bonde huachwa mwanya wa milimita 3 hivi. Vipande vinashikizwa kwa nukta nne za moto, kisha bomba linafungwa kwenye stendi likiwa limeinama nyuzi 45. Kuanzia hapo halizungushwi tena mpaka kazi iishe. Fundi ndiye anayelizunguka: anachuchumaa, anapiga goti, anasimama, na upande wa chini anachomelea huku cheche zikimwagikia mabegani.

Namba 6 inatokana na mikao ya uchomeleaji. Mkao wa 1 ni kazi iliyolala chini, na ndio rahisi kuliko yote kwa sababu chuma kilichoyeyuka kinatulia kilipowekwa. Wa 2 ni mshono unaokwenda ubavuni, wa 3 ni ule unaopanda wima, wa 4 ni kazi iliyo juu ya kichwa. Wa 5 ni bomba lililolala lisilozungushwa. Katika 6 mikao hiyo huja pamoja ndani ya mzunguko mmoja, na kwa sababu bomba limeinama, dimbwi la chuma halikosi kutelezea upande mmoja, popote fundi anapokuwa. Ndiyo maana kanuni za ASME za Marekani, sehemu ya IX, humhesabu aliyefaulu 6G kuwa amefuzu kwa mikao yote. Mabomba ya masafa marefu yana kanuni zake, API 1104, lakini ugumu unaopimwa ni ule ule.

Pasi ya kwanza, ile ya kwenye mzizi wa bonde, ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa kawaida hupigwa kwa elektrodi ya E6010. Tarakimu mbili za mwanzo zinataja nguvu ya chuma chake, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 inayofuata inasema inafaa mikao yote. Ya mwisho inaeleza aina ya ganda la nje, ambalo hapa ni la selulosi na linatoa moto mkali wenye kuchimba. Bomba huwekewa alama kama uso wa saa, 12 juu na 6 chini. Anayepandisha mshono huanzia penye 6.

Anachokitafuta ni tundu dogo linalofunguka mbele ya dimbwi, pale moto unapozila kingo zote mbili kwa wakati mmoja. Tundu likibaki kubwa kidogo kuliko unene wa elektrodi, moto umepenya mpaka ndani. Likifumba, kingo za ndani zimebaki hazikuyeyuka, ingawa juu kila kitu kinapendeza. Likipanuka mno, chuma kinaporomokea ndani ya bomba na kuganda kama matone ya mshumaa. Mkono unapeleka ncha mbele kidogo ili dimbwi lipoe, unarudi, unatulia hadi tundu lifunguke, unakwenda tena. Sikio nalo lina kazi: moto unaopenya unasikika ukivuma ndani ya bomba, na fundi mzoefu hugundua sauti imebadilika kabla jicho halijaona kitu. Ujuzi huu hauandikwi ubaoni. Unaingia mwilini kwa kurudia, mwalimu akiwa amesimama begani kwa mwanafunzi, naye amevaa kofia yake.

Sasa mlinganishe mtu huyo na fundi wa mageti. Skwea paipu ya geti ina ukuta wa milimita 1.5 hivi, pengine pungufu, na kinachomtia fundi hofu kila siku ni kutoboa. Elektrodi yake ni E6013 ya milimita 2.5, yenye moto mpole usiochimba sana. Hakati ukingo mshazari wala haachi mwanya. Anajifunza kukimbia, kugusa na kuondoka. Baada ya hapo grainda inalainisha mshono, puti inaziba vitundu, rangi inapita juu, na geti linakaa miaka 20 kwa sababu hakuna mzigo wa maana unaolielemea. Mazoea aliyoyajenga ni sahihi kabisa kwa kazi hiyo. Kwenye bomba, mazoea hayo hayo ndiyo yanayomfelisha, maana pale anapotakiwa kutulia ili moto uchimbe, mkono wake umeshazoea kukimbia.

Kumwambia fundi huyo aanze upya kana kwamba hajui kitu si haki. Jicho lake linasoma dimbwi. Anajua mashine ikiwa na umeme mdogo mno, anajua kutengeneza mkao wa mwili mahali pabaya, na joto halimtishi. Mwanafunzi anayetoka shule moja kwa moja atahitaji miezi kuyapata hayo. Kinachomkosesha fundi wa mtaani kufika mbali ni jambo moja ninalolipa uzito kuliko mengine yote: katika maisha yake ya kazi, hakuna aliyewahi kukata mshono wake na kumwonyesha kilichomo ndani.

Katika 6G, mshono hukatwa. Baada ya ukaguzi wa macho, vinatolewa vipande vinne vya kupindwa, kila kimoja upana wa milimita 38 hivi. Viwili vinapindwa mzizi ukiwa nje, viwili uso wa juu ukiwa nje, na mashine ya haidroliki inavikunja nyuzi 180 mpaka vifanane na herufi U. Chuma cha upande wa nje kinavutika sana. Kama kuna mahali ambapo kingo hazikushikana, au ganda la elektrodi limefunikwa kati ya pasi mbili, panaachama. Ufa unaozidi milimita 3 unatosha kumwangusha mtu. Wengine hutumia picha za eksirei, na matokeo yake ni ya kuaminika, lakini kwa kufundishia nauona mkunjo unazidi kwa faida: mwanafunzi anakishika kipande mkononi, anauona ufa, anakumbuka kwamba ni pale penye 7 alipobadilisha elektrodi na hakusafisha vizuri.

Pasi za kujazia na ile ya juu hupigwa kwa E7018, na hapo mafunzo yanagusa jambo ambalo watu wa pwani wanapaswa kulijua kuliko wa bara. Ganda la elektrodi hiyo hufyonza unyevu wa hewani. Unyevu ukiingia kwenye moto unatoa haidrojeni, haidrojeni inajificha ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata baada ya siku moja au mbili, wakati mkaguzi ameshaondoka. Kwa hiyo pakiti ikifunguliwa, elektrodi zinakaa kwenye oveni ya joto la nyuzi 120 hivi au zaidi, na fundi huchukua chache tu kwa wakati. Kuacha pakiti wazi usiku kucha katika hewa ya Tanga au Mtwara kisha kuitumia asubuhi ni kosa ambalo mkono mzuri hauwezi kulirekebisha.

Kuna waliowahi kufundisha wachomeleaji kwa wiki chache, nao walifanikiwa. Kati ya 1941 na 1945 Marekani ilijenga meli 2,710 za aina ya Liberty, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wa viwanda hivyo, wanawake wengi wakiwemo, hawakuwahi kushika mashine ya kuchomelea kabla ya vita. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa katika mpangilio wa kazi. Sehemu za meli ziliundwa chini, kwa mapande makubwa, na kreni zikayageuza ili mishono mingi iwezekanavyo ichomelewe ikiwa imelala. Mwanafunzi alifundishwa kazi finyu, na kiwanda kikahakikisha kazi hiyo ndiyo inayomfikia. Ni mbinu ya busara, na karakana zetu kubwa zinaweza kuitumia. Lakini bomba lililokwisha kulazwa mtaroni haligeuzwi. Hapo hakuna njia ya mkato ila kuupika mkono wenyewe.

Na mishono ni mingi. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Hata ukihesabu vipande virefu vya mita 18, unapata viungo zaidi ya elfu 80. Kwenye miradi ya ukubwa huo sehemu kubwa ya njia kuu huweza kuchomelewa kwa mashine zinazojiendesha, lakini maungio ya mwisho, vali, vituo vya kusukuma na matengenezo ya miaka inayofuata bado vinahitaji mkono wa mtu.

Kwa nini basi vyuo vingi havifiki hapo? Tazama gharama ya mazoezi. Bomba la inchi 6 lenye ukuta huo lina uzito wa karibu kilo 43 kwa mita. Jaribio moja lenye vipande viwili vya sentimita 15 linakula kilo 13 za chuma, kabla hujahesabu elektrodi, umeme na diski za grainda. Mwanafunzi akifanya majaribio mawili kwa wiki kwa wiki 10 ametumia kilo 260; darasa la watu 20 limemaliza tani 5 na ushei. Chuo kinachopokea ada ya kawaida kinaona hesabu hiyo na kuamua kufundisha nadharia. Lakini chuma hicho kinaweza kubanwa. Mwanafunzi aanze na bapa, asikaribie bomba mpaka mkao wa 3 na wa 4 umekaa sawa. Bomba likishajaribiwa, mshono ukatwe, kingo zichongwe upya, litumike tena mpaka liishe. Wengine huanza na bomba la inchi 2, ambalo ni gumu zaidi kwa mkono na jepesi zaidi kwa mfuko.

Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina fani ya uchomeleaji na uundaji vyuma, pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Kenya wana mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, ya kupanda daraja kutoka la III hadi la I. Njia hizo ni za thamani, na fundi asiye na karatasi yoyote aanzie hapo. Ila cheti cha fani kinasema umejifunza, na kampuni ya mabomba inataka uthibitisho kwamba mkono wako, kwa elektrodi hii na unene huu, ulitoa mshono mzima. Tena uthibitisho huo una ukomo. Kwa kanuni za ASME, anayekaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia aliyofuzu anapoteza sifa na lazima ajaribiwe tena. Fundi aliyefuzu mwaka juzi kisha akarudi kwenye mageti aende kwenye usaili akiwa amejiandaa kwa hilo.

Kijana unayetafuta chuo, na mzazi unayemlipia, kabla ya kutoa ada ombeni kuingia karakana. Ulizeni kila mwanafunzi huchomelea mabomba mangapi kwa muhula. Ulizeni ilipo mashine ya kukunja vipande na oveni ya elektrodi, na muombe kuona vipande vilivyokunjwa mwezi huu, vilivyofaulu na vilivyopasuka. Chuo kisicho na vipande vya kuwaonyesha hakijafika kwenye 6G, na ada yenu ipelekeni kwingine.