Tuna Nini Nyumbani?

Katika 2 Wafalme 4:1-7 mjane mwenye deni anamlilia Elisha, kwa kuwa anayemdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii hamtafutii mkopo mwingine. Anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Kumbe ana mafuta kidogo tu. Mama anaazima vyombo vitupu kwa majirani, anamimina, anauza, analipa deni kwanza, na kilichobaki kinamlisha yeye na wanawe.

Sisi wa Mukendo tunalihitaji swali hilo. Tunaishi mjini Musoma, ambako mwenye chumba kimoja barabarani hukipangisha na kusomesha watoto. Lakini ukumbi wa usharika tunaufungua Jumapili na siku ya mazoezi ya kwaya, kisha tunafunga. Viti vimepangwa, masufuria yako stoo. Jumapili ikifika tunatangaza changizo jingine, na katika mnada wa mavuno mama aliyeleta kuku anaombwa anunue na ndizi za mwenzake.

Wapo wanaosema Bwana Yesu aliwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Ni kweli, na onyo hilo tulishike. Wale walikuwa wamepajaza mahali pa sala, na njiwa waliowauza ndiyo iliyokuwa sadaka ya maskini. Basi tujipime hapo: je, biashara yetu inaziba ibada? Inamkamua mnyonge? Ukumbi ukipangishwa Jumanne kwa semina, hakuna anayezuiwa kusali.

Hatari nyingine ni kwamba tukisikia neno "mradi" tunawaza ghorofa na benki. Kule Arusha, hoteli ya Corridor Springs ya Dayosisi ya Kaskazini Kati ililemewa na deni kubwa la benki, na washarika wakaombwa kuchanga ili lilipwe. Hadithi ya mjane ikageuka: nyumba iliyokusudiwa kumpunguzia msharika mzigo ikamwongezea.

Kwa hiyo tuanze na kilichopo. Wazee wa kanisa waorodheshe vyumba, viti, vyombo na kiwanja, na siku ambazo havitumiki. Mpangaji apewe mkataba wa maandishi kwa idhini ya wenye dhamana ya mali ya kanisa, asikabidhiwe funguo kwa undugu. Kodi ya serikali ilipwe. Fedha ziingie benki, na hesabu isomwe mbele ya usharika kama tunavyosoma sadaka, kwa maana mradi usiosomwa hadharani huzaa manung'uniko hata kama hakuna aliyeiba.

Wala tusiache kutoa. Kodi ya pango haiwezi kumshukuru Mungu kwa niaba yetu. Lakini ukumbi ukijilipia umeme, maji na mlinzi, sadaka ya mjane itabaki kwa kazi aliyoitolea: Injili, mgonjwa, na yatima wa jirani. Baraza la wazee litakapokutana kupanga changizo lijalo, tunaomba lianze na swali la Elisha.