Mighani au Tarihi? Suala la Matini Halali katika Michezo ya The Legend of Zelda

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kutouliza ni toleo lipi la ngano lililo la kweli. Huelezwa kwamba kila utendaji ni matini kamili, kwamba fanani ana idhini ya kuongeza na kupunguza, na kwamba tofauti baina ya masimulizi mawili ni jambo la kuchunguzwa wala si kosa la kusahihishwa. Hata hivyo, swali hilo halijafa. Limezuka upya, tena kwa nguvu, katika utanzu ambao idara zetu hazijauzoea, yaani michezo ya video. Makala haya yanauchunguza mfano mmoja, msururu wa The Legend of Zelda ulioanza kutolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka wa 1986, na hasa nadharia ambazo mashabiki wake wameziunda ili kueleza jinsi masimulizi yake yanavyofungamana. Hoja yetu ni kwamba nadharia hizo ni uhakiki, na mara nyingine ni uhakiki hodari, ila zimeathiriwa na mazoea ya kuisoma mighani kana kwamba ni tarihi. Na kampuni ilipotoa jedwali rasmi la nyakati mwaka wa 2011, iliyageuza mazoea hayo kuwa sheria.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeifahamu michezo yenyewe, itoshe kusema kwamba mingi kati yake inasimulia kisa cha muundo mmoja. Kuna ufalme uitwao Hyrule, binti mfalme aitwaye Zelda, kijana aitwaye Link, na adui ambaye mara nyingi ni Ganon. Lakini Link wa mchezo mmoja kwa kawaida si Link wa mchezo mwingine; karne nyingi zaweza kuwa zimepita kati yao. Katika insha yake ya 1962 kuhusu Superman, Umberto Eco alionyesha jinsi shujaa wa masimulizi yasiyokoma anavyolazimika kuishi nje ya wakati, kwa sababu kila tendo linalokamilika humsogeza karibu na kifo. Watunzi wa Zelda waliliepuka tatizo hilo kwa njia nyingine: shujaa hufa, jina hubaki. Tayari mwaka wa 1987 kijitabu cha maelezo kilichoandamana na mchezo wa pili kilitoa kisa cha kueleza chanzo cha jina la Zelda: binti mfalme wa zamani alirogwa akalala usingizi usio na mwisho, na kaka yake, kwa majuto, akaamuru kila binti atakayezaliwa katika ukoo huo apewe jina lake. Mwanafunzi wa visasili atakitambua kisa cha aina hii mara moja.

Mashabiki walianzia hapo. Jalada la toleo la Marekani la A Link to the Past (1992) liliwataja wahusika wake kuwa watangulizi wa Link na Zelda wa awali, na kutokana na maneno hayo machache mfuatano wa michezo mitatu ulijengwa. Gérard Genette, katika kitabu chake cha 1987, alitufundisha kuyaheshimu maandishi yaliyo kizingitini mwa matini: majalada, dibaji, vichwa. Sina hakika kama wahakiki wengi wa kitaaluma wamewahi kuyasoma kwa makini waliyoyasoma wachezaji hawa. Walilinganisha vijitabu, wakapima tafsiri ya Kiingereza dhidi ya Kijapani, wakachora ramani juu ya ramani. Hiyo ni kazi ya mhariri wa miswada, na haifai kubezwa kwa sababu tu iliyofanyiwa ni michezo.

Ugumu wa kweli ulianza na Ocarina of Time (1998). Humo Link anaruka miaka saba mbele, anamshinda Ganon akiwa mtu mzima, kisha anarudishwa utotoni. Je, ule ulimwengu wa utu uzima alioukomboa uliendelea kuwapo baada ya yeye kuondoka? Mashabiki walidai kwamba uliendelea, na kwamba nyakati ziligawanyika matawi mawili. The Wind Waker (2002) uliwapa ushahidi: Hyrule imefunikwa na bahari kwa sababu Ganon alirudi na shujaa hakuonekana. Eiji Aonuma, aliyeuongoza mchezo huo, alithibitisha kwamba Ocarina of Time ina hatima mbili. Twilight Princess (2006) ukaonyesha tawi la pili, ambamo Ganondorf anakamatwa na kuhukumiwa kabla hajapindua ufalme. Huu ni mfano bora wa nadharia iliyotoka katika matini yenyewe, ikaeleza mengi kwa machache.

Lakini A Link to the Past haukukaa katika tawi lolote kati ya hayo mawili. Ili kuutafutia mahali, kitabu cha Hyrule Historia, kilichotolewa Japani Desemba 2011 wakati wa maadhimisho ya miaka 25 ya msururu, kiliongeza tawi la tatu: shujaa wa Ocarina of Time anashindwa katika pambano la mwisho, na wahenga wanamfunga Ganon kwa kukosa njia nyingine.

Tawi hili linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko lilivyoangaliwa. Katika mchezo wenyewe kushindwa kwa shujaa si tukio la hadithi. Link akianguka, mchezo hutangaza kwamba umekwisha, kisha humuuliza mchezaji kama angependa kuendelea. Akiendelea, kifo kile hakikutokea. Ni sawa na fanani aliyekosea mstari akarudi nyuma kuurekebisha. Jedwali limekichukua kile ambacho usimulizi ulikifuta na kukifanya historia ya taifa zima. Wazo hilo lina uzito, kwa kuwa linamfanya mchezaji dhaifu kuwa mtunzi wa mojawapo ya enzi tatu za Hyrule. Bali lina kasoro mbili. Kwanza, shujaa huweza kushindwa katika kila mchezo wa msururu huu. Ikiwa kushindwa huzaa tawi, kwa nini kuzae mara moja tu? Mantiki ya ulimwengu wa hadithi haiwezi kuwa kanuni inayotumika pale tu mhariri anapobanwa. Pili, na hili ni la kimatini zaidi, kijitabu cha A Link to the Past kinasimulia kwamba alitafutwa mtu wa kuubeba upanga mtakatifu, na kabla hajapatikana uovu ukafurika. Jedwali linasema alipatikana, akaubeba, akashindwa. Haya si mamoja. Kwa ajili ya kuuokoa mfuatano, matini imepuuzwa.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba hata tarihi zetu wenyewe hazikuwa moja. Marina Tolmacheva alipohariri Tarihi ya Pate mwaka wa 1993, aliwasilisha miswada minne ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bila kuiyeyusha kuwa mmoja. Hakuna aliyemlaumu kwa kutotoa toleo rasmi. Inashangaza kwamba tunaivumilia tofauti katika maandishi yanayodai kusimulia watawala waliokuwapo, huku ikikatazwa katika kisa ambacho jina lake lenyewe linatangaza kuwa ni mighani.

Kuna wanaojibu kwamba mambo haya yote ni mchezo tu. Wanaweza kumtaja Ronald Knox, ambaye mwaka wa 1911 alizihakiki hadithi za Sherlock Holmes kwa mbinu za wataalamu wa maandiko, na wafuasi wake waliopima kwa uso mkavu swali la jeraha la Watson, lililo begani katika riwaya ya kwanza na mguuni katika ya pili. Lakini wasomaji wa Holmes walijua wanacheza, na hawakumsubiri Conan Doyle awakatie shauri. Baada ya 2011 mjadala wa Zelda ulibadilika. Swali la zamani lilikuwa: nadharia hii inaeleza nini? Swali jipya likawa: kitabu kinasemaje? Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kilijihadhari, kikidokeza kwamba kimekusanya yanayoaminika kwa sasa na kwamba historia yaweza kusimuliwa tofauti baadaye. Nayo majedwali rasmi yaliyofuata yaliuhamisha Link's Awakening (1993) kutoka nyuma ya michezo miwili ya Oracle (2001) hadi mbele yake. Ugonjwa huu haupo kwa mashabiki peke yao. Nimesoma tasnifu nyingi ambamo mtahiniwa, akiisha kuichambua riwaya kwa ufasaha, anamtafuta mwandishi ili amthibitishie maana, na jibu la mwandishi likihitilafiana na uchambuzi, ni uchambuzi unaotupwa.

Breath of the Wild (2017) ulilivuruga jedwali. Umewekwa mbali sana mbeleni, na ndani yake mna mabaki ya matawi yote. Wamo Warito, ambao katika The Wind Waker walitokana na Wazora. Nao Wazora wamo vilevile, wakiishi kando yao. Maelezo ya kiungo kimoja cha mapishi, chumvi ya mawe, yanasema kwamba imetoka katika bahari ya kale, na juu ya punje hiyo ya chumvi imejengwa nadharia nzima kwamba mchezo huu unafuata gharika. Wapinzani hutaja hotuba ya binti mfalme, ambayo katika Kiingereza inagusa anga, wakati na machweo bila kuitaja bahari. Mimi naiona chumvi kuwa na nguvu kuliko hotuba, kwa kuwa haina sababu ya kupamba. Hata hivyo ushahidi wote kwa pamoja unaonyesha mtunzi anayevuna kutoka kila shamba, kama afanyavyo fanani.

Tears of the Kingdom (2023) ulipoonyesha kuasisiwa kwa Hyrule na mfalme Rauru na mkewe Sonia, na Ganondorf kufungwa katika enzi hiyohiyo, mashabiki walipendekeza kwamba huu ni ufalme wa pili, ulioasisiwa baada ya ule wa kwanza kuangamia. Hidemaro Fujibayashi, aliyeuongoza mchezo huo, aliuacha mlango huo wazi katika mahojiano ya mwaka huohuo. Naiona nadharia hii kuwa dhaifu. Inalihifadhi jedwali kwa gharama ya kisa, maana huzuni yote ya Rauru inategemea kuwa tunauona mwanzo, si marudio. Mwaka wa 2024 Nintendo yenyewe ilionyesha jedwali ambamo michezo hii miwili imewekwa kando, bila kuunganishwa na tawi lolote.

Imebaki nadharia moja ya aina tofauti, inayohusu Majora's Mask (2000). Inadai kwamba Link amekwisha kufa, na kwamba maeneo matano ya nchi ya Termina ni hatua tano za majonzi alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka wa 1969. Hyrule Historia inaikanusha bila kuitaja: mzuka anayemfunza shujaa wa Twilight Princess ni Link huyuhuyu, aliyerudi nyumbani na kufa baadaye akiwa na majuto. Kwa kipimo cha tarihi, nadharia imeanguka. Wala hatua tano hazikai vizuri katika maeneo yote matano. Hilo la Bonde la Ikana limelazimishwa waziwazi. Lakini ndiyo pekee iliyoanza kwa kuuliza kwa nini mchezo huu umejaa maiti: kwa nini Link huvaa nyuso za Mgoroni na Mzora waliokufa, na kwa nini kinyago cha Deku kina sura ya huzuni ambayo hakuna anayeieleza. Mwishoni kabisa, majina ya watayarishaji yakipita, mtumishi wa jumba la Wadeku anaonekana amepiga magoti mbele ya mti mdogo uliokauka, ule ambao mchezaji aliupita katika dakika za mwanzo bila kujua ni mtoto wa nani.