Haki ya Kujibu: Sanaa, Redio na Umma katika Mvutano wa Walter Benjamin na Theodor Adorno

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu sanaa na vyombo vya mawasiliano ya umma katika utamaduni wa Magharibi wa karne ya 20 umezoeleka kuelezwa kwa kuwapambanisha wanafikra wawili wa Kijerumani. Upande mmoja huwekwa Walter Benjamin (1892–1940), ambaye insha yake kuhusu kazi ya sanaa katika enzi ya unakilishaji wa kiteknolojia ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kwa Kifaransa. Upande wa pili huwekwa Theodor Adorno (1903–1969), aliyeandika pamoja na Max Horkheimer kitabu cha Dialektik der Aufklärung (1947), chenye sura mashuhuri kuhusu tasnia ya utamaduni. Katika usomaji huo wa kawaida, Benjamin ni mtu wa matumaini na Adorno ni mtu aliyekata tamaa. Msomaji huachiwa achague kambi.

Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ni mwepesi mno, na kwamba unaficha swali lililowashughulisha wote wawili: je, anayepokea kazi ya sanaa kupitia chombo cha umma anayo nafasi ya kumjibu anayeituma? Swali hili likiwekwa mbele, tofauti baina yao haifutiki, bali hubadilika sura. Aidha, hudhihirika kasoro ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeiepuka kikamilifu. Ili kuthibitisha dai hili, nadharia zao zinasomwa sambamba na vitendo vyao katika redio, kisha zinapimwa kwa mfano wa mrithi wao mmoja, John Berger (1926–2017).

2.0 Dai la Benjamin na Pingamizi la Adorno

Kiini cha insha ya Benjamin ni dhana ya aura, yaani ule upekee ambao kazi ya sanaa huupata kwa kuwapo mahali pamoja na katika wakati mmoja, ikiwa imebeba historia yake yote. Sanamu ya hekaluni ina aura. Hufuatwa ilipo na hutazamwa kwa unyenyekevu. Picha ya kamera na filamu, kwa upande mwingine, hazina nakala ya asili inayostahili kuhijiwa. Kazi humfuata mtazamaji badala ya mtazamaji kuifuata. Kwa hoja hii, unakilishaji huipunguzia sanaa thamani ya kiibada na kuiongezea thamani ya kuonyeshwa.

Wasomaji wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Benjamin alishangilia. Hata hivyo, insha yenyewe ina masharti. Benjamin anaeleza jinsi magazeti yalivyowafungulia wasomaji safu za barua, hata mpaka kati ya mwandishi na msomaji ukaanza kufifia. Anaona uwezekano kama huo katika filamu, lakini papo hapo anasema kwamba mtaji wa sinema za Magharibi unauzuia, kwa kuwa unajenga ibada mpya ya nyota wa filamu badala ya kuwapa watu wa kawaida haki ya kujiona wakiwakilishwa. Kwa maneno mengine, teknolojia peke yake haikomboi. Inafungua mlango ambao mwenye mali anaweza kuufunga.

Adorno alimwandikia Benjamin barua ndefu ya pingamizi mwezi Machi 1936. Alikubali kwamba aura inadhoofika, lakini alikataa mambo mawili. Kwanza, alikataa kwamba sanaa huru, ile inayojitungia kanuni zake yenyewe, ni ya kiibada tu na haina nguvu ya kupinga. Pili, alikataa kwamba kicheko cha watazamaji wa sinema ni dalili ya ukombozi. Kwake kicheko hicho kilijaa ukatili wa jamii ileile iliyowakandamiza. Miaka miwili baadaye, akiwa Marekani katika mradi wa utafiti wa redio ulioongozwa na Paul Lazarsfeld kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation, Adorno alipata nafasi ya kuichunguza hoja hiyo kwa karibu. Katika makala yake ya mwaka 1941 kuhusu simfonia redioni, anadai kwamba muziki wa Beethoven ukipita katika kipaza sauti hupungua ukubwa hadi kuenea sebuleni kama samani. Muundo mzima hupotea, na msikilizaji hubaki akisubiri vipande anavyovitambua. Anachopata ni nukuu za simfonia, si simfonia.

Ni muhimu kutambua lengo la pingamizi hili. Adorno hakulalamika kwamba umma mpana umefikiwa na Beethoven. Alilalamika kwamba umefikiwa kwa namna inayouzoesha kutambua bila kufikiri. Ndiyo maana alikihakiki vikali kipindi cha NBC cha kuwafundisha wanafunzi wa Marekani kuupenda muziki, kilichoendeshwa na Walter Damrosch. Msikilizaji aliyefunzwa kutaja jina la mtunzi na kudakia wimbo mkuu amepewa jibu kabla ya kuuliza swali.

3.0 Vitendo katika Redio

Upungufu wa uhakiki mwingi kuhusu mvutano huu ni kuzisoma nadharia bila kuvitazama vitendo. Kati ya mwaka 1927 na mapema mwaka 1933, Benjamin alitayarisha na kutangaza vipindi zaidi ya 80 katika vituo vya Berlin na Frankfurt, vingi vikiwa vya watoto. Miongoni mwake kipo kipindi kuhusu tetemeko la ardhi la Lisbon la mwaka 1755. Kipo pia kimoja cha mwaka 1932 ambacho kinastahili kuzingatiwa zaidi ya vingine, kwa sababu ndani ya kisa kimoja Benjamin alificha mafumbo 15 na makosa 15, naye akawataka watoto wayanase wakiwa na kalamu na karatasi mkononi.

Umuhimu wa kipindi hicho ni wa kinadharia. Redio ya wakati ule ilikuwa chombo cha njia moja: sauti ilitoka, haikurudi. Bertolt Brecht alikuwa amelitaja tatizo hilo waziwazi mwaka 1932, akitaka redio igeuzwe kutoka chombo cha kusambaza hadi chombo cha kuwasiliana. Benjamin hakuwa na uwezo wa kuubadilisha mtambo. Alichoweza kukibadilisha ni msimamo wa msikilizaji. Mtoto anayesikiliza ili anase makosa ya mtangazaji hamwamini mtangazaji kwa kuwa tu sauti yake inatoka redioni. Anajibu, ingawa jibu lake halisikiki studioni.

Thamani ya zoezi hilo ilidhihirika upesi. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi uliikamata redio ya Ujerumani, na mwaka huohuo ukazindua redio ya bei nafuu, Volksempfänger, iliyouzwa kwa Reichsmark 76 ili sauti ya chama ifike katika kila nyumba. Benjamin alikimbilia uhamishoni. Mwaka 1940 alijiua huko Portbou, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Mnadharia wa unakilishaji hakuacha hata rekodi moja ya sauti yake mwenyewe.

Kwa upande wa Adorno, vitendo vinakwenda kinyume na taswira ya mtu aliyekikatia tamaa chombo cha umma. Baada ya kurejea Ujerumani, alizungumza redioni mara nyingi. Mhadhara wake kuhusu elimu baada ya Auschwitz ulitangazwa mwaka 1966, na katika miaka hiyohiyo alifanya mfululizo wa mazungumzo na Hellmut Becker kuhusu elimu inayomwezesha mtu kujiamulia. Adorno aliyasema haya kupitia chombo alichokuwa amekilaumu. Inawezekana kuuita huu ukinzani. Ufafanuzi unaoridhisha zaidi ni kwamba lawama yake haikuilenga redio, bali namna ya kuitumia inayomnyima msikilizaji kazi ya kufikiri. Hapo ndipo wawili hawa wanapokutana.

4.0 Berger mbele ya Kamera

Mwezi Januari 1972, BBC ilirusha Ways of Seeing, vipindi vinne vya John Berger vilivyoongozwa na Mike Dibb. Kitabu kilifuata mwaka huohuo. Berger alikiri kwamba mawazo mengi ya kipindi cha kwanza yametoka kwa Benjamin. Kipindi kinaanza kwa Berger kukata kwa kisu kipande cha kile kinachoonekana kuwa mchoro wa Botticelli, tendo linaloitangaza hoja kabla ya maneno: picha iliyonakiliwa inaweza kukatwa, kusogezwa na kupewa maana mpya.

Nguvu ya kazi hii ni kwamba Berger analikabili tatizo la njia moja bila kulificha. Anawaonya watazamaji kwamba yeye ndiye anayepanga picha na sauti, kwamba wao hawawezi kumjibu, na kwamba wanapaswa kumtilia shaka. Vilevile anawaita watoto wautazame mchoro wa Caravaggio na kuujadili kwa macho yao. Roho ya kipindi cha mwaka 1932 inasikika humo.

Hata hivyo, mfano wake maarufu kuliko yote unamgeuka. Berger anaonyesha mchoro wa Van Gogh wa shamba la ngano na kunguru, kwanza bila maelezo, kisha akiwa ametaja kwamba ni mchoro wa mwisho kabla ya msanii kujiua. Mtazamaji anahisi mchoro ukibadilika. Hoja kwamba maneno hubadilisha picha inathibitika, lakini maneno yenyewe si sahihi. Watafiti wa Van Gogh Museum wameonyesha kwamba mchoro wa mwisho ni ule wa mizizi ya miti. Hivyo basi, katika somo la kumfundisha mtazamaji ashuku, mtazamaji alipewa hadithi ya kuamini, na hadithi hiyo imenakiliwa pamoja na kitabu tangu wakati huo. Benjamin aliyaweka makosa kwa makusudi ili yanaswe. Kosa la Berger lilipita kwa sababu lilipendeza. Onyo la jumla la kushuku halitoshi; mpokeaji anahitaji nyenzo za kukagua dai mahususi.

5.0 Asiyesikika katika Insha

Kasoro kubwa zaidi imo katika hitimisho la insha ya Benjamin yenyewe. Ili kuonyesha jinsi ufashisti unavyoipamba siasa kwa sanaa, Benjamin anamnukuu Marinetti akiusifu uzuri wa vita vya Italia dhidi ya Ethiopia. Anataja pia vita vya gesi kuwa njia mpya ya kuiangamiza aura. Uchambuzi wake ni mkali na wa haki. Lakini Waethiopia, ambao gesi ya Italia iliwaunguza kweli mwaka 1935 na 1936, hawamo katika hoja kama watu wenye kauli. Wamo kama mahali ambapo Ulaya inaonyesha ugonjwa wake.

Mwezi Juni 1936, mwaka uleule wa insha, Haile Selassie alisimama mbele ya Shirika la Mataifa mjini Geneva na kuhutubia kwa Kiamhari juu ya gesi hiyo. Waandishi wa habari wa Italia walimpigia miluzi. Tukio hili linafaa kuwekwa kando ya nadharia kwa sababu linaonyesha kile ambacho mvutano wa Benjamin na Adorno haukukiuliza. Wote wawili walimfikiria mpokeaji wa Magharibi anayenyimwa jibu na chombo cha Magharibi. Hawakumfikiria anayefanywa kuwa picha katika chombo hicho, ambaye anapojibu hupigiwa miluzi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumweka Benjamin katika kambi ya matumaini na Adorno katika kambi ya kukata tamaa ni kuwasoma kwa lebo, usomaji uleule wa kutambua bila kufikiri ambao Adorno aliulaumu. Kinachowaunganisha ni kipimo kimoja: chombo cha umma huhukumiwa kwa nafasi kinayompa mpokeaji ya kukagua na kujibu, wala si kwa idadi ya watu kinaowafikia. Mfano wa Berger umeonyesha kwamba kipimo hicho humhusu pia mhakiki mwenyewe. Mfano wa Ethiopia umeonyesha kwamba lazima kipanuliwe kimfikie yule anayezungumziwa. Mtafiti anayezitumia nadharia hizi kuhakiki kazi za mahali pengine hana budi kuanzia kwenye upanuzi huo, vinginevyo atazirithi pamoja na ukimya wake.