Mario, libanga na ndumba: suala la tarehe ya neno katika uhakiki wa nyimbo

Nyimbo za zamani huhakikiwa mara nyingi kana kwamba msamiati wake uliganda siku ile ulipotiwa katika santuri. Mhakiki husikiliza, hukutana na neno la mitaani, hulipa maana anayoijua yeye leo, kisha hujenga hoja yake yote ya maudhui juu ya maana hiyo. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo ina kasoro kubwa, na kwamba katika mji kama Bukavu kasoro hiyo inawagusa watu walio hai bado.

Bukavu ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili. Mkaaji wa Cimpunda, katika komini ya Kadutu, huweza kuzungumza Mashi nyumbani na Kiswahili sokoni, akasoma kwa Kifaransa na akaimba kwa Kilingala, lugha iliyomfikia kwa njia ya jeshi na, zaidi ya yote, kwa njia ya muziki. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha makala kuhusu Indubili ya Bukavu. Lugha hiyo ya vijana ilirithi jina lake kutoka kwa vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 waliojiita Bill kwa kumwiga Buffalo Bill wa sinema. Lakini hapa kwetu, kama Goyvaerts alivyoonyesha, imejengwa juu ya Kiswahili. Kwa hiyo neno la wimbo wa Kinshasa halidumu Cimpunda likiwa kama lilivyokuja. Huvuliwa viambishi vyake, huvishwa vya Kiswahili, na katika kuvishwa huko maana nayo husogea.

Tutazame kwanza neno libanga, yaani jiwe. Kobeta libanga, kupiga jiwe, ni kuhangaika kutafuta riziki. Pepe Kalle na bendi yake ya Empire Bakuba waliueneza usemi huo katika miaka ya 1980 kwa wimbo uliouunganisha na Article 15, kile kifungu cha sheria cha mzaha kinachomwambia raia ajitafutie mwenyewe. Katika Bukavu, ambako wako akina mama wanaoponda mawe kweli kweli ili wauze kokoto, usemi huo haukuhitaji mfasiri. Lakini libanga lina maana nyingine iliyoenea baadaye: ni jina la tajiri, mwanasiasa au rafiki aliyeko Ulaya linalotajwa ndani ya wimbo, mara nyingi kwa malipo. Hapo jiwe halipigwi tena, bali hutupwa: kobwaka libanga. Kitenzi kimebadilika, na pamoja nacho wahusika. Aliyepiga jiwe alikuwa maskini; anayetupiwa ni mwenye fedha. Msomaji anayeijua maana ya pili tu atamfanya Pepe Kalle kuwa msifu matajiri pale anapozungumzia njaa.

Mario anatupa mfano mzito zaidi. Franco na TPOK Jazz walitoa wimbo wa jina hilo mwaka 1985. Ni malalamiko juu ya kijana anayeishi kwa mwanamke mwenye mali aliyemzidi umri, akila na kuvaa kwa gharama yake. Kijana huyo ni msomi mwenye vyeti, na vyeti ndivyo kiini cha jambo. Zaire ya wakati ule ilikuwa ikitoa wahitimu ambao serikali iliyobanwa na madeni haikuweza kuwaajiri wote, na iliowaajiri haikuwalipa inavyostahili. Kicheko cha Franco kilimlenga kijana, lakini kilimpita na kuifikia nchi. (Wasomaji wenye lisansi mfukoni hawahitaji ufafanuzi zaidi.)

Kisha neno likavuka Ziwa Tanganyika. Katika Kiswahili cha Tanzania, marioo ni nomino ya kawaida yenye maana ya mwanamume anayelelewa na mwanamke. Irabu ya mwisho imerefuka, na nomino dhahania imezaliwa: umarioo. Kwa mwanasarufi huu ni ushahidi mzuri wa jina la mtu kugeuka nomino yenye uzao. Vyeti, hata hivyo, vilibaki ng'ambo. Marioo wa Dar es Salaam si lazima awe amesoma. Sura nzuri na uvivu vyamtosha. Kejeli iliyokuwa ya nchi imekuwa kejeli ya tabia ya mtu mmoja. Mimi naona hapo pana hasara, ingawa mwanaisimu hafundishwi kuomboleza. Na mzunguko haujaisha, kwani Tanzania sasa ina mwimbaji maarufu anayejiita Marioo, na kwa mashabiki wake vijana neno hilo limerudi kuwa jina la mtu, lisilo na aibu yoyote ndani yake.

Ugumu halisi uko katika ndumba. Leo, kwa Kilingala na kwa Kiswahili cha hapa, ndumba ni tusi, na wanafunzi wetu hulifasiri bila kusita: malaya. Wakikuta wimbo wa kabla ya 1960 unaomtaja ndumba kwa mapenzi, huandika kwamba mtunzi alitukuza ukahaba. Lakini katika miji ya Kongo ya Wabelgiji ndumba alikuwa mwanamke asiye na mume aliyeishi mjini kwa jitihada zake: mchuuzi, mshonaji, mpenzi wa mtu, au yote hayo pamoja. Kifaransa cha ofisini kilimwita mwanamke huru, na ofisi hiyo hiyo ikamtoza kodi kwa kuishi peke yake. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950 wanawake wa namna hiyo walikuwa na vyama vyao vya mitindo na vya kusaidiana, na bendi zilihitaji macho yao kuliko walivyozihitaji wao.

Nisieleweke kwamba neno hilo lilikuwa safi wakati ule. Sifa na lawama zilikaa ndani yake pamoja, na huenda watunzi walilipenda kwa sababu hiyo hasa. Kosa la fasiri ya malaya ni kwamba inaifuta sifa na kubakiza lawama, jambo ambalo wakoloni walilifanya kabla yetu. Nancy Rose Hunt alieleza mwaka 1991 jinsi wanawake Waswahili wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, walivyoipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950 kwa kuwa iliwahesabu wanawake wenye heshima zao kuwa malaya. Wao waliiona tofauti ambayo tasnifu zetu haziioni.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 haitatusaidia hapa, kwa maana haionyeshi neno lilianza lini kuwa na maana gani. Inabidi tuulize. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1958 sasa anakaribia 90, na wa rika hilo waliobaki Kadutu ni wachache. Wanafunzi wanaokwenda kurekodi huwachezea wimbo kwanza, kisha huwauliza maana ya maneno, na hujibiwa kwa Kiswahili cha leo. Ingefaa waanze na maisha: walikuwa wakiitwa nani walipokuwa vijana, na nani aliyewaita hivyo, na ni jina lipi waliloliitikia.