Mwamuzi Anayejua Kunyamaza

Kericho na Bomet, uwanja tambarare ni bahati. Viwanja vingi vya shule vimechongwa ubavuni mwa kilima, chai imevizunguka, na mpira ukiuacha huteremka wenyewe. Ndiyo maana nawavulia kofia wanaochezesha softiboli huku, mchezo ambao mtaala wa umilisi umeuingiza katika somo la michezo.

Chukua mpira mmoja tu. Umepigwa ukakosa nguvu, sasa unabingirika kandokando ya mstari wa besi ya kwanza. Umetoka nje. Watazamaji wanapiga kelele, "Faulo!" Mwamuzi kimya. Ameinama, macho kwenye mpira, wala hana habari na mkimbiaji. Mteremko unaurudisha ndani, unasimama hatua mbili kabla ya besi. Hapo ndipo anaponyoosha mkono kuelekea ndani ya uwanja, bila neno. Ni halali. Mpira unaobingirika kabla ya besi hauhukumiwi mpaka usimame au uguswe, na ukiguswa, kinachoangaliwa ni mahali ulipo mpira, si miguu ya aliyeugusa. Mstari wenyewe ni ndani. Besi nyeupe ni ndani pia, lakini ile ya rangi ya machungwa iliyo ubavuni mwake, iliyowekwa ili mkimbiaji asigongane na mlinzi, iko nje.

Faulo hutamkwa kwa sauti kubwa. Halali haitamkwi kabisa. Faulo ikishatoka mdomoni, wakimbiaji husimama, walinzi hulegea, na mchezo umekufa hapo hapo. Afadhali achelewe.

Mpira unaovuka besi hewani ni rahisi zaidi: huhukumiwa pale unapoangukia kwanza, hata ukidunda baadaye hadi kwenye michai.

Mtihani wenyewe ni huu. Kuna wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, waliotolewa hawajafika wawili, na mpigaji anapaisha mpira mwepesi karibu na walinzi wa ndani. Mwamuzi stadi husubiri ufike kileleni, kisha humtangaza mpigaji ametoka, hata usipodakwa. Bila sheria hiyo, mlinzi mjanja angeuangusha makusudi atoe wawili kwa mpigo. Waamuzi wachanga huropoka hapa kabla ya wakati.

Ombi kwa walimu wakuu: pangeni mechi asubuhi. Mvua ya huku hupiga alasiri, mara nyingi na mawe yake, na chokaa ikishasombwa hata mwamuzi hodari hubaki kukisia.