Simba Katika Mji wa Harambe

Siku moja nilikuwa nazungumza kwa simu na mwenzangu wa skuli aliyeko London, na katika kuagana nikamwita "rafiki yangu". Mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane aliyezaliwa Marekani, akacheka mpaka akakaa chini. Alitaka kujua kwa nini babu anamwita mtu mzima kwa jina la nyani. Kwake yeye Rafiki si neno, ni yule nyani mzee mwenye fimbo katika filamu ya The Lion King. Nilipomwambia kwamba simba pia ni neno letu, na kupumbaa vilevile, alinitazama kama aliyegundua kwamba babu yake alipata kufanya kazi na watu wa senema.

Mama yake akaamua kwamba safari yetu ya Florida lazima ipitie Harambe.

Harambe ni mji usiokuwepo. Umejengwa ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa karibu na Orlando tarehe 22 Aprili 1998, na waliouchora hawakuficha kwamba kiolezo chao kikubwa kilikuwa Lamu. Joe Rohde, aliyeongoza usanifu wa bustani hiyo, alikwenda Kenya na wenzake kutazama kwa macho yao, na kazi yao inaonekana. Kuta zina rangi ya chokaa iliyozeeka, plasta imechubuliwa kwa makusudi, maandishi ya matangazo yamefifia kama yale tuliyoyajua katika vichochoro vya Mombasa. Kuna duka la Mombasa Marketplace, kuna Tamu Tamu, kuna Dawa Bar. Jina la mji limekatwa herufi moja. Harambee, sauti ya watu wanaovuta pamoja, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya mwito wa taifa lake, imekuwa Harambe. Na kwa wajukuu wangu wakubwa hilo ni jina la yule gorila aliyepigwa risasi Cincinnati mwaka 2016. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika ya Kusini. Wameezeka vizuri sana, ila Lamu huezekwa kwa makuti.

Sikwenda kutafuta makosa. Nakiri kwamba nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikajikuta namweleza mtoto daka ni nini, na kwa nini mgeni hukaa hapo asiingizwe ndani, na zidaka za ukutani ziliwekwa nini. Kijana mmoja mfanyakazi, beji yake ikionyesha kwamba anatoka Botswana, alitusalimu kwa "jambo". Nikamjibu "sijambo". Akaomba nimrudilie, kwani alikuwa amekwisha wasalimu maelfu ya watu wala hakupata kujibiwa.

Kisha tukaingia Harambe Theatre, na ndani yake hakuna mji tena. Kuna Festival of the Lion King.

Hapa ndipo lilipo suala ninalotaka kulichungua, na si la Harambe peke yake. Sehemu iliyojengwa kwa ajili ya kuutambulisha utamaduni wa watu fulani, je, inafaa kuwekwa ndani yake michezo iliyotokana na filamu za kubuni? Mabishano haya yana umri sasa. Bustani ya EPCOT ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, duru yake ya World Showcase ilikuwa na mabanda ya nchi tisa. Morocco ikaongezwa mwaka 1984 na Norway mwaka 1988. Mwanzoni katuni hazikuwa na nafasi kubwa humo. Banda la Mexico lilikuwa na safari ya mashua iitwayo El Río del Tiempo. Mwaka 2007 ikageuzwa kuwa hadithi ya ndege watatu wa filamu ya zamani, na kati ya hao ni jogoo tu aliye wa Mexico. Wa pili ni kasuku wa Brazil, na wa tatu ni Donald, bata wa Kimarekani. Norway ilikuwa na Maelstrom, iliyowapitisha watu baina ya Waviking na mazimwi mpaka kwenye mtambo wa kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Ilifungwa Oktoba 2014, na Juni 2016 mashua zilezile zikaanza kuwapeleka watu Arendelle, nchi ya filamu ya Frozen, ambayo haimo katika ramani yoyote. Ufaransa ilipata mchezo wa panya mpishi wa Ratatouille mwaka 2021.

Wanaopinga husema huo ni uvamizi. Wanaounga mkono husema watoto walikuwa wakilia kwa uchovu katika mabanda yale, na mtoto akivutwa na Elsa huenda akauona na mfano wa kanisa la mbao la Norway uliopo mlangoni. Mimi naona wote wanaanza mahali pasipo. Wapinzani wanazungumza kana kwamba mabanda yale yalikuwa makumbusho, na hayakuwa. Yalikuwa ni maonyesho ya biashara, yenye fedha za makampuni na mengine ya serikali, na zimwi la Maelstrom halikuwa mwanahistoria. Hata Harambe yenyewe, kabla ya simba kuingia, ilikuwa na hadithi ya kubuni: gari za safari zilikuwa zikiwafukuza majangili walioiba mtoto wa ndovu. Ubunifu ulikuwemo tangu siku ya kwanza.

Na sisi tusijitie usafi. Wasomaji walioko Muscat wanalijua jahazi lililosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan. Hilo ni Sohar, lililojengwa Sur na kusafiri mpaka Canton mwaka 1980 na 1981, nahodha wake akiwa Tim Severin na mfadhili wake Sultan Qaboos. Safari ile iliitwa ya Sindbad. Sindbad ni mtu wa hadithi, na kwa kumsingizia yeye dola nzima ilitoa mali yake, wala sikumsikia hata mwanachuoni mmoja akilalamika. Nami sikulalamika. Kwa nini? Kwa sababu chombo kile kilishonwa kwa kamba za usumba bila ya msumari, kama ilivyoshonwa mitepe ya Lamu, na ili kukishona ilibidi watafutwe watu waliokuwa bado wanaijua kazi hiyo. Sindbad hakuwepo, lakini kamba zilikuwepo. Jina la kubuni lilivuta nyuma yake elimu ya kweli iliyokuwa inakaribia kufa.

Basi kipimo changu ni hicho, nami sidai kuwa ni kikamilifu: hadithi ikiingia, inaleta kitu gani cha wenyeji pamoja nayo? Ufaransa sina wasiwasi nayo. Panya yule wenyewe walimpokea kwanza Paris mwaka 2014, na hapana mtoto duniani atakayedhani kwamba Ufaransa yote ni jiko la panya, kwa kuwa atakutana na Ufaransa mara elfu nyengine. Arabian Coast ya Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa mwaka 2001, nayo haina tatizo kubwa kwangu. Sindbad na jini wa taa wako kwao pale, kwani sehemu yote ni Alfu Lela Ulela na haijidai kuwa nchi. Kinyume chake ni Morocco ya EPCOT. Mfalme Hassan wa Pili alipeleka mafundi wake wakate vigae kwa mkono. Mnara umefuatisha ule wa Kutubia wa Marrakesh, na lango limefuatisha Bab Bou Jeloud ya Fes. Baadaye wageni wakawa wanakutana humo na Aladini na Jasmin. Aladini ana uhusiano gani na Morocco? Galland aliipata hadithi hiyo kutoka kwa Hanna Diyab, Msiria wa Halab, akaitia katika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 18, na matukio yake yamewekwa Uchina. Filamu ya 1992 ikamtia katika mji wa Kiarabu usio mahali popote, kwa wimbo wa ufunguzi ambao maneno yake yalibidi yabadilishwe mwaka uliofuata baada ya Waarabu wa Marekani kulalamika. Fundi wa Fes anakata kigae miezi kadhaa, kisha mgeni anaondoka na picha ya Aladini. Huo ndio ukaribishaji nisioupenda.

Tukirudi Harambe, habari ni nzito zaidi. Onyesho la Simba halikuwekwa pale kwa kufikiriwa kwamba linaufaa mji. Lilikuwa katika sehemu nyengine ya bustani, Camp Minnie-Mickey, na sehemu hiyo ilipotakiwa kwa ajili ya ulimwengu wa filamu ya Avatar, likahamishiwa Harambe mwaka 2014. Filamu moja ilimtoa mwenziwe nyumbani, na aliyetolewa akaja kukaa kwetu.

Onyesho lenyewe ni zuri, na nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Waimbaji wakuu wanne wana sauti zilizofundishwa. Majina yao ni Kiume, Nakawa, Kibibi na Zawadi. Kibibi na Zawadi ni majina niliyoyasikia uani kwetu. Kiume si jina, ni kama kumwita mtu Dume. Lakini watazame wanafanya nini. Hawana nyumba, hawana kazi, hawana wazee, hawana hata neno moja la kueleza habari za mji walimo. Wapo kwa ajili ya wanyama. Na filamu walikotoka haina mwanadamu hata mmoja. Frozen, kwa ubaya wake wote, ina watu wanaovaa nguo zinazofanana na za Norway. Katika mji pekee wa Kiswahili ambao mamilioni ya watoto wa Marekani watapata kuutembelea, jumba la hadhara limepewa hadithi ambayo Waswahili hawamo. Mkasa wake, kama walivyokiri watengenezaji, una jamaa na Hamlet, yaani ni mkasa wa Denmark. Na Frozen ilichochewa na hadithi ya Hans Christian Andersen, naye ni Mdenmark. Denmark haina banda EPCOT, lakini imekwisha pata nyumba mbili!

Kilichochukuliwa kwetu ni maneno. Sauti ya kwanza ya filamu ni ya Kizulu, kama mapaa yale. Majina ndiyo ya Kiswahili. Msemo wa hakuna matata, ambao nyumbani tulikuwa tunasema zaidi hapana tabu, ulisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kupinga. Mimi neno linalonikera ni jengine. Fisi jike kiongozi anaitwa Shenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na hawakuwa wanafanya mzaha. Neno hilo lilisafiri na misafara ya pembe na ya watumwa. Waandishi wa filamu walilikuta katika kamusi. Sisi tulikuwa nalo mdomoni. Ukitaka kujua ni kitu gani cha historia ya kweli ya pwani kilichoingia Harambe pamoja na Simba, ni hicho, na kimeingia bila ya mtu kukijua. Harambe yenyewe haina habari ya watumwa, na ndovu wake huuawa na majangili tu, si na wafanyabiashara wenye majina na mashamba. Lakini nimesoma kumbukumbu nyingi za familia zetu, pamoja na nilizozipitia kabla ya kuchapwa, na kurasa hizo nazo hurukwa.

Mtu ataniambia kwamba hii ni bustani ya watoto, basi tuiache. Ningeiacha kama vitu vya asili vingekuwa imara. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Harambe hutiwa rangi upya ili ionekane imechakaa. Kwa watoto wetu waliozaliwa ng'ambo, nakala ndiyo watakayoikuta imesimama, na watakuja kuipima Lamu kwa Harambe, si Harambe kwa Lamu.

Wala si kweli kwamba hakuna la kufanywa. Wasaami, watu wa kaskazini waliogawanywa baina ya Norway, Sweden, Finland na Urusi, hawana dola yao. Filamu ya kwanza ya Frozen ilipotoka walisema wazi kwamba sauti na mavazi yao yametumiwa. Mwaka 2019, kabla ya filamu ya pili, wakuu wao waliwekeana mkataba na Disney: washauri wao wasikilizwe, na filamu itolewe kwa lugha ya Kisaami. Ikatolewa. Waswahili pia hawana dola moja ya kuwasemea. Tumetawanyika kutoka Barawa mpaka Muscat na Leicester. Wasaami walikuwa na mabaraza yaliyokubali kukaa meza moja. Sisi tuna jumuiya ngapi, na ni zipi zilizokwisha kukaa pamoja kwa jambo lisilokuwa maziko au uchaguzi?

Ningeulizwa, nisingetaka Simba afukuzwe. Angehamishiwa upande wa zinakoondokea gari za safari, waliko simba wa kweli. Jumba lile lingebaki la mji, na mara mbili tatu kwa siku pangepigwa taarabu, kwa udi, ganuni na fidla, nusu saa tu, maana watoto hawakai. Siti binti Saad alipanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani ya santuri, na wapigaji waliopo leo Unguja hawatashindwa na safari ya Orlando wakipewa nauli na malipo yao.