Waliozama na waliokaribia kuzama

NILIKUWA katika ufuo wa Dunga, Kisumu, alfajiri moja, nikingoja mashua za wavuvi wa omena zirudi, redio ya muuza chai iliposema: “Karibu wavuvi wanane walizama ziwani usiku wa kuamkia leo.”

Mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye mwanawe alikuwa bado majini, aliweka beseni chini. “Woi, mwalimu! Yaani wanane wote wameenda?”

Saa moja baadaye tulipata ukweli. Upepo ulivuma, mashua ikaingia maji, wavuvi wenzao wakawaokoa. Hakuna aliyekufa. Mtangazaji alikusudia kusema “karibu wavuvi wanane wazame”.

Msomaji atasema hiyo ni tofauti ndogo. Hebu tuitazame. Katika “karibu wavuvi wanane walizama”, neno ‘karibu’ linakadiria idadi: waliozama ni wanane hivi, labda saba. Kiambishi ‘-li-’ kimekwisha kuthibitisha kifo. Katika “karibu wavuvi wanane wazame”, ‘karibu’ linaelekea kwenye tendo: lilikaribia, halikutukia. Ndiyo maana kitenzi hakibebi kiambishi cha wakati. Jambo ambalo halikutendeka litakuwaje na wakati uliopita?

Kanuni ni hiyo hiyo kwa ‘nusura’, ‘almanusura’ na ‘kidogo’: nusura azame, almanusura agongwe, kidogo nianguke. Si “nusura alizama”. Tuwe waangalifu na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kwa kuwa irabu yao ya mwisho haibadiliki. Tunasema “nusura afariki”, hivyo kinachotuonyesha kwamba mtu yu hai ni kukosekana kwa ‘-li-’ peke yake.

Wapo watakaosingizia lugha ya mama. Kweli, ‘chiegni’ ya Kijaluo, kama ‘karibu’ yetu, hutaja ujirani wa mahali na pia jambo lililobakia kidogo litokee. Lakini Mjaluo hamwombolezi mtu aliye hai kwa sababu ya neno hilo. Mimi nashuku tafsiri za haraka kutoka Kiingereza, neno kwa neno, bila kujiuliza ‘karibu’ linakadiria nini.

Wafaransa wameliepuka shimo hili kwa kukipa kitenzi ‘faillir’ kazi nzima. Wakisema “ils ont failli se noyer”, wakati uliopita unakaa kwenye ‘faillir’, na kuzama kunabaki bila wakati. Sisi pia tunacho kitenzi cha namna hiyo: kunusurika. “Wavuvi wanane wanusurika kuzama” ni kichwa cha habari kifupi, na hakimuui mtu.

Wahariri wenzangu, kabla ya kusoma habari za ziwani hewani, ikagueni hiyo ‘-li-’. Mwana wa yule mama alifika saa mbili, akashangaa kumkuta mamake akilia.